Televisheni Iliyoelekea Dirisha

Jumatatu, 2 Juni

Daftari hili nimepewa na karani wa stoo. Liliandikwa hesabu ya mifuko ya saruji kurasa tatu, kisha likasahaulika. Shule niliishia darasa la sita, lakini kuandika ninaweza.

Kazi yetu ni vioo. Jengo lina ghorofa kumi na nne na kila upande ni madirisha matupu. Tunapandisha kioo, tunakipachika, tunaziba kingo kwa gundi, tunashuka kuchukua kingine. Leo asubuhi msimamizi ametukusanya akasema hakuna likizo kwa mtu yeyote mpaka kioo cha mwisho kiingie, na lazima kiingie kabla ya mvua.

Nilikuwa nimeomba kwenda nyumbani mwezi huu. Mama alianguka bafuni mwezi wa nne, akavunjika nyonga ya kulia. Sijamwona miaka saba.

Nikauliza, "Na mwenye mgonjwa je?"

Msimamizi akasema, "Kila mtu ana mgonjwa, bwana. Hata hili jengo ni mgonjwa, lione lilivyo na matundu."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Hilo ndilo linaloniuma mpaka sasa.

Jumatano, 4 Juni

Joto. Vioo ishirini na viwili.

Jumapili, 8 Juni

Nimepiga simu ya picha nyumbani. Mdogo wangu wa kike, ambaye ndiye anayemuuguza mama, alimshikia simu karibu na uso. Mama akakunja macho, akaisogeza mbali, akaivuta tena.

"Huyu ndiye yeye? Mbona mmempunguza?"

"Simu ndiyo ndogo, mama," nikasema.

"Mwanangu alikuwa mtu mzima. Sasa amekuwa kama punje ya mchele."

Dada akacheka, kisha akatoka nje na simu akaacha kucheka. Akaniambia macho ya mama yamechoka, kwenye simu hanioni, anaitikia sauti tu. Akasema kuna nyumba ya jirani wana televisheni kubwa inayoshikana na simu. Mtu akipiga, uso wake unakuwa mkubwa kama sinia. "Kaka, tungekuwa nayo hiyo mama angekuona."

Nauli yangu ya kwenda na kurudi ipo, nimeiweka kwenye soksi ya zamani. Nimeiangalia soksi leo mchana kutwa. Kwenda siruhusiwi. Basi nimeona heri uso wangu utangulie, miguu itafuata.

Jumatatu, 9 Juni

Ninayelala naye chumba kimoja ni seremala mzee. Tunamwita Randa kwa sababu akizungumza nawe lazima akutoe maranda. Nimemwambia habari ya televisheni.

"Uso wako huo? Uwe mkubwa kama mlango? Mwonee huruma mama wa watu."

Nikacheka. Halafu akasema kwa sauti nyingine: "Hiyo hela ni ya nauli. Iache iwe ya nauli. Siku mkifunguliwa utaondoka siku hiyo hiyo."

Nikamwambia nitakusanya nyingine. Akageukia ukutani.

Alhamisi, 12 Juni

Nieleze sebule ya nyumbani, maana jambo lote liko humo.

Nyumba ile nimeijenga kwa simu: natuma hela, dada anasimamia. Kila kitu nilikubali kiwe kidogo isipokuwa dirisha. Mtu unabeba vioo vya watu miaka yote, unaona majumba yao yanavyojaa mwanga, halafu mama yako akae gizani? Nikasema ukuta wote wa magharibi uwe kioo. Fundi wa kule akabisha, nikamwambia wewe weka.

Dirisha hilo linatazama barabara inayotoka kituo cha basi. Tangu mama avunjike analazwa sebuleni, na kwa kuwa nyonga ya kulia haigusiki, hulalia ubavu wa kushoto tu, uso dirishani. Dada anasema siku nzima anatangaza wapita njia. "Yule fundi cherehani huyo, leo kachelewa." "Mwalimu kanunua viatu." Basi likisimama hunyamaza, mpaka watu wote waliomo washuke na kupita.

Jumamosi, 14 Juni

Nimekwenda duka la televisheni. Zimepangwa ukuta mzima, zote zinaonyesha samaki wa rangi. Muuzaji ni mama mmoja mchangamfu sana. Nikamwonyesha ile ya inchi sitini na tano. Kubwa kama meza ya kulia chakula. Kampuni siijui, lakini bei yake ni sawa na ya inchi hamsini iliyokuwa pembeni, ya kampuni inayojulikana.

"Kaka yangu, kwa hela moja, wewe unataka ndogo au kubwa?" akaniuliza.

Hilo nalo ni swali?

Jumapili, 15 Juni

Kabla ya kununua nimepita kwa fundi wa redio na televisheni, yule mwenye kibanda nyuma ya soko, ambaye aliwahi kunitengenezea chaja. Nikamwambia habari ya zile televisheni mbili, na kwamba chumba ni cheupe kwa mwanga. Akaweka chini kifaa alichokuwa anakichokonoa.

"Dukani uliona dirisha?"

Nikafikiri. Hakukuwa na dirisha hata moja. Mimi mtu wa vioo sikuliona hilo.

"Wanauzia gizani kwa makusudi. Gizani kila televisheni ni nzuri. Sasa nisikilize. Ukirudi mwambie aizime. Usiangalie ikiwa imewaka, iangalie ikiwa imezimwa. Ukijiona uso wako vizuri, mpaka ndevu, hicho ni kioo cha kujitazamia, na kwenye chumba chako itaonyesha dirisha, haitaonyesha picha. Ukijiona kama kivuli, hiyo inameza mwanga. Halafu mwombe aisogeze mlangoni kwenye jua. Akikataa, ujue anajua. Chukua ndogo yenye mwanga mkali. Kubwa hafifu ni shuka tu ukutani."

Nikamshukuru.

Jumamosi, 21 Juni

Nimefanya alivyosema. Yule muuzaji akazizima zote mbili huku anashangaa. Kwenye ile ndogo nilijiona kama mtu aliyesimama kwenye ukungu. Kwenye ile kubwa nilijiona mpaka kovu la kidevuni. Nilijiona na mvi. Sikujua zimekuwa nyingi vile, chumbani kwetu kioo ni kipande cha kunyolea.

Nikasimama pale kama mjinga. Sauti ya fundi inaniambia moja, sauti ya mama inaniambia nyingine: mmempunguza, kama punje ya mchele. Nikajiambia, dirisha linaweza kuwekwa pazia, lakini televisheni ndogo haiwezi kuvutwa ikawa kubwa.

Nimenunua kubwa.

Jumatatu, 23 Juni

Nimeifunga mwenyewe kwa safari ya nyumbani. Mtu wa kampuni ya malori alitaka kuilaza juu ya magunia, nikamwambia bwana, kioo hakilazwi. Kioo kinasimama, kinaegemea kidogo, na pembe zake zinavikwa. Nimempa kanuni zote. Kaniita profesa.

Nimemwandikia dada kwamba itafungwa ukuta wa mashariki, mkabala na dirisha, kwa kuwa kwingine haienei. Na kitanda cha mama kigeuzwe, kichwa kilipokuwa miguu iwe huko, ili akilalia ubavu wake wa kushoto aitazame televisheni.

Akajibu: "Sawa kaka."

Jumanne, 24 Juni

Vioo kumi na tisa. Upepo.

Ijumaa, 4 Julai

Imefika salama. Hata mkwaruzo hakuna.

Jumapili, 6 Julai

Nimepiga simu ya picha. Nilivaa shati la kola. Randa alinichana nywele kwa kitana chake huku akisema maharusi wenyewe hawafanyiwi hivi.

Mimi nilikuwa naona uso wa mama tu, yeye alikuwa anatazama ukutani, kwangu.

"Mama, unaniona?"

"Nakuona, baba."

"Nimekuwa mkubwa sasa?"

"Umekuwa mkubwa sana."

Alikuwa anatabasamu. Sijafurahi hivyo tangu nifike nchi hii.

Jumapili, 13 Julai

Nimepiga saa tisa. "Unaniona mama?" "Nakuona, baba." Dada anasema mama haachi kuitazama siku nzima.

Jumamosi, 19 Julai

Mwenzetu kakatwa na kioo kiganjani, ghorofa ya tisa. Nyuzi kumi na moja. Jioni msimamizi akatusomea kanuni za usalama, kanuni ambazo yeye ndiye huziruka.

Jumapili, 27 Julai

"Unaniona?" "Nakuona." Nimeinua mkono uliofungwa kitambaa, nami nimekatwa kidogo siku ya Alhamisi. Nikangoja aulize. Mama ambaye zamani nikipata kipele alikuwa anajua kabla yangu. Hakuuliza.

Jumatatu, 28 Julai

Nimewaza juu ya mkono.

Jumapili, 10 Agosti

Leo nimefanya jambo. Nilipopiga simu ya picha nilikaa kimya, nikamsukuma Randa akakaa mahali pangu mbele ya simu. Mimi nikawa pembeni nje ya picha, nikasema, "Mama, unaniona?"

"Nakuona, baba. Umenawiri."

Randa ana upara na meno manne. Alinigeukia. Siku ya kwanza namwona Randa anakosa neno.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimempigia dada mchana wakati wa chakula, nimekaa juu ya maboksi ya gundi ghorofa ya tano. Nikamwambia, niambie ukweli. Akaanza, "Inaonyesha vizuri, kaka." Nikamwambia jana mama alimwona Randa akasema ananiona mimi. Akaanza kulia, kisha akasema yote. Ninayaandika kama alivyosema ili nisije nikayapunguza.

Alisema siku ya kwanza walipoiwasha ilikuwa saa nane, jua limeshageukia magharibi. Hawakuona kitu. Sauti ya wale samaki wa dukani ilikuwepo, yaani sauti ya maji, lakini kwenye kioo walikuwa wanaona dirisha, barabara, na wao wenyewe wamekaa kitandani. Uso wangu ulipokuja Jumapili ile ulikuwa kama doa. Mama alitabasamu kwa sababu dada alimfinya mguu.

"Pazia je?"

"Tulitundika shuka mbili nzito. Chumba kikawa giza, picha ikatokea vizuri kabisa. Mama akaanza kupiga kelele, mmenizika, nitoeni. Akalia mpaka tukazitoa. Tangu hapo hataki hata kuona shuka imekunjwa karibu na dirisha."

"Sasa anatazama nini siku nzima? Uliniambia haachi kuitazama."

"Haachi kweli."

"Anatazama nini?"

"Huwa ananiambia niizime," dada akasema. "Ikiwa imezimwa anaona barabara vizuri zaidi."

Sikuelewa haraka. Ilinibidi nifunge macho nikione chumba. Kitanda nilichosema kigeuzwe. Mama kalalia ubavu wake mmoja, mgongo dirishani. Na mbele yake kile kioo cheusi, kirefu karibu kama mtu, nilichokifunga kwa mikono yangu pembe zote nne. Ndani yake dirisha langu, ndani ya dirisha barabara, na watu wanaoshuka kwenye basi wanapita wadogo wadogo.

"Kwa nini hamkumgeuza kama zamani?"

"Alikataa yeye. Alisema, mtoto kanunua kwa jasho lake, akipiga simu akaona kitu chake nimekipa mgongo atajisikiaje? Akaniapisha nisikwambie. Kaka, usimwonyeshe kama nimekwambia."

Kengele ikalia. Nikapandisha vioo tisa. Sikumbuki hata kimoja.

Jumanne, 12 Agosti

Fundi alinipa ukweli wote bila malipo, nikaushukuru kisha nikaupita. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Sasa huku aliyevunjika si mimi.

Jumamosi, 16 Agosti

Randa hakuniambia "nilikuambia." Ningefurahi angesema.

Jumapili, 17 Agosti

Nimempigia mama, kwa sauti tu. Nikamwambia, mama, daktari mmoja wa huku kasema kulala upande mmoja muda mrefu si vizuri, ugeuzwe utazame dirishani kidogo. Nilijitungia huyo daktari.

Akacheka. "Daktari huyo ana jina la dada yako?"

Nikahamisha simu sikio la pili.

"Usijali, baba. Hii televisheni yako nzuri. Kwenye dirisha mwanga ulikuwa unanichoma macho. Humu hauchomi. Nikiona mtu namwona ametulia."

"Unamwona nani, mama?"

"Watu. Bado hujapita wewe tu."

Jumatano, 27 Agosti

Vioo ishirini. Wingu moja upande wa kusini, msimamizi kaliangalia kama deni.

Jumamosi, 6 Septemba

Dada anasema mama ameanza kupotewa na maneno. Asubuhi alimwita kwa jina la mama yake mdogo aliyekufa zamani. Chakula anakumbuka kukiomba, hakumbuki kukila.

Nimemwendea msimamizi ofisini, nikavua kofia. Nikamwambia mama yangu ananisahau. Yeye hakutania safari hii. Akasema bado ghorofa mbili, nikiondoka wataondoka wengine sita wenye shida kama yangu, na yeye atafukuzwa. "Nami nina mama, ndugu yangu," akasema. Mwaka mzima nimemchukia mtu huyu. Leo nimeona viatu vyake vimetoboka kama vyangu.

Jumapili, 14 Septemba

Dada amejaribu kumgeuza bila idhini, kwa kuwa sasa hasemi sana. Aliona afadhali aone barabara yenyewe. Mama alipofumbua macho dirishani alihangaika, akatafuta kwa mkono kama mtu aliyepoteza miwani. "Barabara wameigeuza," akasema. Dirishani watu wa kituoni hutokea kulia. Kwenye televisheni hutokea kushoto. Kwa miezi miwili amezoea kuwangojea kushoto. Alingoja kushoto, wakawa wanamtokea kulia, akaogopa.

Wamemrudisha alivyokuwa, uso kwenye televisheni. Akatulia.

Jumatatu, 22 Septemba

Vioo kumi na sita.

Jumatano, 1 Oktoba

Matone machache, kisha jua. Ghorofa ya kumi na nne upande wa mashariki umekwisha. Tumebaki na magharibi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Kioo cha mwisho kimeingia saa sita na robo. Msimamizi alitaka tupigwe picha mbele ya kioo hicho, pale pale kwenye jukwaa la nje. Kwenye kioo tulionekana wote tumejipanga, na nyuma yetu mji. Nilijitafuta nikachelewa kujipata.

Randa amenipa nauli. Si mkopo, kasema, ni adhabu yake kwa kumdanganya mama wa watu kwamba yeye ni mimi. "Mwambie nina meno yote," kasema. Nilitaka kumshika mkono, akajifanya anatafuta randa yake chini ya kitanda.

Jumanne, 14 Oktoba

Barabarani. Mvua nyuma yetu, inatufuata.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimefika jana. Ninaandika asubuhi, mama amelala.

Nilishuka kituoni saa kumi alasiri. Mvua ilikuwa haijafika huku, jua lilikuwa kali na liko chini. Sikumwambia dada siku wala saa. Nilikuwa nimeipanga safari hiyo kichwani tangu Agosti: nishuke, nitembee katikati ya barabara taratibu, nipite mbele ya dirisha, ili anione kwanza kwenye ile televisheni kabla hajasikia sauti yangu. Nilitembea hivyo, na begi begani. Nikasimama mbele ya kioo. Kutoka nje nilimwona mgongo. Amekuwa mdogo sana, shuka halina kitu chini yake. Na mbele yake kile kitu cheusi. Nikajiona humo, mtu mweusi mwenye jua nyuma yake. Nikainua mkono.

Yule wa ndani ya televisheni akainua mkono.

Mama hakutikisika. Nikaingia. Dada alikuwa mlangoni na beseni, akaliacha likaanguka, nikaweka kidole mdomoni pangu anyamaze. Nikasimama nyuma ya kitanda. Mama alikuwa anatazama mbele.

"Mama. Nimekuja."

"Ndiyo," akasema, bila kugeuka, kwa upole kama unavyomjibu mtoto. "Unakujaga kila siku."

"Leo nimekuja kweli, mama. Ni mimi."

"Hata jana ulisema hivyo, baba. Ukapita."

Nikazunguka kitanda. Nilitaka anione uso, uso wenyewe, si punje wala doa. Nikapiga magoti mbele yake, televisheni nyuma yangu, nikamshika mkono. Ulikuwa wa moto. Akanitazama muda mrefu. Akaniangalia mvi, akaniangalia kovu la kidevu, ambalo yeye mwenyewe ndiye alilifunga kwa kitambaa cha gauni lake nilipoanguka mtini. Nikaona kitu kinataka kuja usoni mwake. Basi likapiga breki kituoni. Akanyoosha shingo atazame juu ya bega langu.

"Samahani, mzee wangu," akaniambia. "Sogea kidogo, unaniziba. Kuna mtu ninamngojea."

Dada akatoka nje.

Nikasogea. Nikakaa ukingoni mwa kitanda, nyuma ya magoti yake, nikaangalia alikokuwa anaangalia. Watu wa basi walitokea kushoto mmoja mmoja. Mwanamke mwenye mwavuli. Mwalimu. Wanaume wawili wanaobishana. Walipita wote, barabara ikabaki tupu, na kwenye kioo tukabaki mimi na yeye.

"Leo hayumo," mama akasema.

"Hayumo, mama."

"Atakuja na basi la kesho."

Akanipapasa mkono, kama anayenifariji.